MJUE JAGADISH BOSE, MTU ALIYEPIMA MSHTUKO WA KIFAUONGO

Leo tunaweka siasa na mpira pembeni kidogo. Nawaletea habari za mtu aliyefariki mwaka 1937, Mhindi wa Bengal, ambaye nadhani kila mtoto wa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa angetakiwa kumjua, lakini wengi wetu tumemaliza fomu foo bila kusikia hata jina lake. Anaitwa Jagadish Chandra Bose.

Kwa nini huyu na sio mwingine? Kwa sababu ya kitu ambacho sisi huku tunakiona kila mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinaisha Aprili au Mei hivi, na katikati hapo, mara nyingi Januari au Februari, zinakata. Jua linapiga wiki moja, wiki mbili. Ukipita shambani saa saba mchana unakuta majani ya mahindi yamejikunja kama sigara ya kusokota. Jioni yameanza kujifungua, na asubuhi yamenyooka kama hakuna kilichotokea. Sasa jiulize, mmea hauna macho wala ubongo, unajuaje kwamba hali ni mbaya? Na mzizi ulioko chini kwenye udongo mkavu unaliambiaje jani lililoko juu?

Wengi tunajibu kirahisi tu kwamba ni jua kali, basi. Bose alikuwa mtu wa kwanza kutumia karibu nusu ya maisha yake kutengeneza mashine za kupima swali hilo. Na alilipia gharama yake, kama mtakavyoona.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 katika Bengal ya Mashariki, sehemu ambayo leo ni nchi ya Bangladesh. Wakati huo India yote ilikuwa chini ya Mwingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa ofisa wa serikali, mtu mwenye uwezo wake. Watu wa aina yake walikuwa wanapeleka watoto shule za Kiingereza moja kwa moja, maana ndiko kulikokuwa na heshima na ajira. Yeye akagoma. Mtoto akapelekwa kwanza shule ya kijijini inayofundisha Kibengali, akakaa benchi moja na watoto wa wavuvi na watoto wa watumishi wa nyumbani kwao. Bose mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikuwa anasema kwamba mapenzi yake kwa viumbe yalianzia pale, kwa kusikiliza hadithi za samaki, ndege na wanyama kutoka kwa wale wenzake. Jambo hilo linanigusa, maana kwetu mtoto anayejua majina ya miti yote ya porini anaonekana mshamba.

Baadaye akaenda Calcutta (siku hizi inaitwa Kolkata) kwenye chuo cha St. Xavier's, ambako padri mmoja Mjesuiti, Eugène Lafont, alimfundisha fizikia kwa majaribio, sio kwa kukariri ubaoni. Mwaka 1880 akapanda meli kwenda Uingereza kusomea udaktari. Haikuwezekana. Alikuwa anasumbuliwa na homa, na harufu ya vyumba vya kupasulia maiti ikawa inamzidishia. Akaacha, akahamia Cambridge kusoma sayansi, na huko akakutana na walimu wakubwa wa zama zile. Mmoja ni Lord Rayleigh wa fizikia. Mwingine ni Sydney Vines wa mimea. Huyu Vines mshikeni, atarudi mbele.

Mwaka 1885 Bose akarudi nyumbani na kupewa kazi ya kufundisha fizikia Presidency College, Calcutta. Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Walimu wa Kihindi walikuwa wanalipwa pungufu kuliko Wazungu kwa kazi ile ile, na yeye kwa kuwa ajira yake ilikuwa ya muda akapangiwa pungufu zaidi. Jamaa alifanya kitu ambacho sijui kama kuna mtu leo angeweza. Hakugoma kufundisha. Aliingia darasani kila siku kama kawaida, lakini mshahara hakuuchukua. Miaka mitatu! Na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1887, akaoa. Mkewe, Abala, alikuwa msomi aliyepitia masomo ya udaktari kule Madras na baadaye akawa mpiganaji mkubwa wa elimu ya wasichana. Fikiria ndoa changa bila mshahara. Mwishowe wakubwa wakasalimu amri, akapewa ajira ya kudumu na malimbikizo yake yote.

Maabara hakupewa. Alijipatia kachumba kadogo chuoni, akatafuta fundi bati wa mtaani, wakawa wanaunda vifaa wenyewe. Kwenye kachumba hako akatengeneza mawimbi ya redio mafupi sana, yenye urefu wa milimita chache tu, kitu ambacho watu wa Ulaya walikuwa bado wanahangaika nacho. Mwaka 1895 akaonyesha watu hadharani pale Calcutta jinsi mawimbi hayo yanavyopita ukuta na kugonga kengele na kulipua baruti kwa mbali, bila waya. Miaka hiyo hiyo ndiyo kijana wa Kiitaliano, Marconi, alikuwa anaanza mambo yake ya redio. Mwezi Januari 1897 Bose alikuwa London akionyesha vifaa vyake mbele ya wakubwa wa sayansi.

Marconi alitajirika, Bose hakutajirika. Hakutaka kuweka hakimiliki ya ugunduzi, aliamini elimu ni ya watu wote. Rafiki zake walimlazimisha mpaka akapata hakimiliki moja ya Marekani mwaka 1904, naye akaiacha ikafa yenyewe. Mimi naona hapo mzee alikosea, maana pesa ile ingejenga maabara mapema. Lakini ndivyo alivyokuwa.

Nyongeza kidogo kwa wapenda hadithi. Mwaka 1896 aliandika pia hadithi ya kubuni ya kisayansi kwa Kibengali, kuhusu kimbunga kilichotulizwa kwa chupa ya mafuta ya nywele. Ilishinda zawadi kwenye mashindano yaliyoandaliwa na kampuni ya hayo hayo mafuta ya nywele. Teh teh. Na kati ya wanafunzi wake wa Presidency College alikuwemo Satyendra Nath Bose, yule ambaye chembe za fizikia ziitwazo bosoni zimepewa jina lake. Sio ndugu, ni majina tu.

Sasa turudi kwenye mimea. Karibu na mwaka 1899 Bose aliona kitu cha ajabu kwenye kile kifaa chake cha kupokea mawimbi. Kikitumika muda mrefu kinapungua nguvu, kama kimechoka. Kikipumzishwa kinarudi. Alipochora grafu yake akaona inafanana na grafu ya msuli wa mnyama unaochoka na kupumzika. Mtu mwingine angesema chuma kimeharibika, akanunua kingine. Yeye akajiuliza, kama chuma na msuli vinafanana hivi, je, vilivyoko katikati, yaani mimea?

Akaanza kuchukua majani, karoti, mashina ya kila aina. Anaubana mmea, anaugonga, anauunguza kidogo, halafu anapima umeme. Kila mmea ukajibu. Sio ile michache inayojulikana kwa kucheza cheza tu. Yote. Ukiguswa, umeme mdogo unapita. Ukipewa sumu, majibu yanafifia mpaka yanakatika.

Akapeleka habari hiyo London mwaka 1901. Mwezi Juni mwaka huo akasimama mbele ya Royal Society, baraza kuu la wanasayansi wa Uingereza, na pale akakutana na kisiki. Kulikuwa na mzee anaitwa John Burdon-Sanderson, bingwa wa mambo ya umeme katika viumbe. Huyu mwenyewe mwaka 1873 ndiye aliyepima umeme kwenye ule mmea wa Marekani unaokamata nzi kwa kufunga majani yake kama mtego. Kwa hiyo mtu angetegemea atafurahi kupata mwenzake. Wapi! Alisema majibu ya umeme kwenye mimea ya kawaida hayawezekani, na kwamba mtu wa fizikia abaki kwenye fizikia yake. Ripoti ya Bose ikawekwa kabatini, haikuchapishwa.

Mnaelewa uzito wake? Ruhusa yake ya kukaa Ulaya ina mwisho, yuko mbali na kwao, ni mtu wa koloni, na anaambiwa na bingwa kwamba alichokiona kwa macho yake hakipo. Angeweza kurudi kwenye redio, ambako jina alikuwa nalo tayari. Akakataa. Hapo ndipo yule mwalimu wake wa zamani Vines alipojitokeza. Wakati huo Vines alikuwa rais wa Linnean Society, chama cha wataalamu wa mimea na wanyama, na kazi ya Bose ikapokelewa huko mwaka 1902. Mwaka huo huo akatoa kitabu chake cha kwanza juu ya majibu ya vitu hai na visivyo hai. Vikafuata vingine, kimoja baada ya kingine. Rafiki yake mshairi Rabindranath Tagore alimsaidia kumtafutia fedha, na mtawa Sister Nivedita alimsaidia kuhariri vitabu.

Mmea alioupenda kuliko yote mnaufahamu. Ni kifauongo! Kile kimmea kifupi chenye miba midogo na maua ya mviringo ya rangi ya waridi, kinachopenda sehemu zenye unyevunyevu. Ukikigusa kinafunga vijani vyake viwili viwili na kulegeza kikonyo, kinajifanya kimekufa. Wazee waliokipa jina walikuwa wameshamaliza kazi, kinakufa uongo. Lakini kinafanyaje? Kwenye kitako cha kila jani kuna kifundo kidogo kilichojaa maji. Kikipata habari, chembe za chumvi zinatoka kwenye seli za upande mmoja, maji yanazifuata, upande ule unalegea na jani linaanguka. Kama tairi ya baiskeli iliyotolewa upepo.

Shida ni kwamba matukio haya ni ya haraka na madogo mno. Bose akaunda mashine ya kuyaandika. Alichukua kioo, akakipaka moshi mweusi, akaweka mkono mwembamba uliofungwa kwenye jani. Lakini ncha ikisuguana na kioo, jani dhaifu linashindwa kuisukuma. Akafanya ncha iwe inatetemeka, inagusa kioo na kuachia, inaacha nukta badala ya mstari. Msuguano ukaisha, na zile nukta zikawa saa yake, anahesabu vipande vidogo kabisa vya sekunde. Baadaye akaunda nyingine iliyokuza mwendo mara 10,000, ukaweza kuona mmea unakua mbele ya macho yako na kuona unavyosita ukiguswa au ukitiwa dawa. Mashine hizi zote ziliundwa na mafundi wa Calcutta. Kwangu mimi hapa ndipo alipo Bose hasa, kuliko hata nadharia zake.

Kwa vifaa hivyo alionyesha kwamba baridi inapunguza mwendo wa habari ndani ya kifauongo, na dawa za usingizi zinauzima. Akahitimisha kwamba mimea ina kitu kama mishipa ya fahamu.

Na hapo alipitiliza. Lazima tuseme ukweli, maana mitandaoni utakuta watu wanamfanya mtume. Mimea haina mishipa ya fahamu wala ubongo. Pia Bose aliamini kwamba maji yanapanda juu ya mti kwa sababu kuna seli zinazodunda kama moyo. Sio kweli. Maji yanavutwa kutoka juu kwa sababu majani yanapoteza mvuke. Mwaka 1916 Mtaliano Ubaldo Ricca alionyesha kwamba habari ya jeraha inaweza kuvuka hata sehemu ya shina iliyouliwa, ikisafiri na maji yenyewe, kitu ambacho nadharia ya mishipa haiwezi kukieleza. Bose na wenzake wakabishana miaka mingi, na baada ya kifo chake wataalamu wengi wakaitupa kazi yake yote kapuni, ya kweli na isiyo ya kweli pamoja.

Heshima alipata akiwa hai lakini. Mwaka 1917 Mwingereza akampa cheo cha Sir, na tarehe 30 Novemba mwaka huo, siku ya kuzaliwa kwake, akafungua taasisi yake ya utafiti pale Calcutta, ambayo ipo mpaka leo kwa jina lake. Mwaka 1920 ile ile Royal Society iliyoficha ripoti yake ikamfanya mwanachama. Alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, zimebaki siku saba atimize miaka 79.

Kitu ambacho hakukijua mpaka anakufa ni nani hasa anayebeba ujumbe. Umeme aliupima, lakini umeme wenyewe ni chembe zenye chaji zinazohama. Mojawapo ya chembe hizo ndiyo iliyokuja kuonekana kuwa tarishi mkuu wa mmea. Ni kalsiamu. Ndiyo, ile ile iliyomo kwenye mifupa, chokaa na ganda la yai.

Inafanyaje kazi? Ngoja nieleze kwa lugha ya Ruangwa. Mnakumbuka siku Namungo ilipocheza na Simba uwanja wa Majaliwa? Geti limefungwa, nje watu wamejazana, ndani watu wachache. Seli ya mmea iko hivyo. Ndani ya ute wake kalsiamu huru ni kidogo mno, kama mara 10,000 pungufu kuliko nje ya seli. Na sio bahati mbaya, seli inatumia nguvu zake usiku na mchana kuisukuma nje, kwa sababu ikizidi ndani inagandana na fosfeti na kuvuruga kazi. Sasa likitokea tatizo, labda ukame, baridi, chumvi, mdudu au kuguswa tu, vijigeti kwenye ngozi ya seli vinafunguka kwa sekunde chache. Kalsiamu inamwagika ndani. Ndani kuna protini zinazosubiri kuishika, na zikishaishika zinabadilika umbo na kuanza kuamrisha. Halafu geti linafungwa, kalsiamu inasukumwa nje tena, tayari kwa ujumbe mwingine.

Na ujumbe sio mmoja. Wataalamu wanasema namna kalsiamu inavyopanda na kushuka, kwa haraka au polepole, mara moja au kwa mawimbi, inatofautiana kutokana na tatizo. Kama honi ya basi, mtu wa stendi anajua kwa mlio tu kama dereva anaaga au anafukuza mbuzi barabarani.

Haya yalionekanaje? Mwaka 1991 kundi la Marc Knight na Anthony Trewavas kule Edinburgh lilichukua mmea wa jamii ya tumbaku, likaupandikizia jini ya kiumbe wa baharini, kiwavuwavu, inayotengeneza protini inayotoa mwanga ikikutana na kalsiamu. Wakaugusa mmea, ukawaka mwanga hafifu. Wakaumwagia maji ya baridi, ukawaka. Wakaupa kitu kilichotoka kwenye fangasi, ukawaka pia. Wenye mikorosho inayosumbuliwa na ubwiriunga mnaweza kufikiria hilo la mwisho.

Kuhusu ukame wetu wa Februari hadithi iko hivi. Jani lina vitundu vidogo vingi kama vinywa, vinavyoingiza hewa na kutoa mvuke. Mmea ukikosa maji unatengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba homoni hiyo ikifika kwenye zile seli mbili zinazolinda kinywa, kalsiamu inapanda ndani yake kwanza, halafu ndipo kinywa kinafunga. Chumvi zinatoka, maji yanafuata, seli zinalegea, mlango unafungwa. Mmeona? Ni ufundi ule ule wa kifundo cha kifauongo, ila huu uko kwenye mhindi, mbaazi na ufuta wako, na huuoni kwa macho. Kule kujikunja kwa jani la mahindi ni kwa sababu seli zake za juu zimepungukiwa maji, lakini vinywa mara nyingi vimeanza kufunga kabla hata hujaona jani limebadilika.

Ila kufunga vinywa kuna bei yake. Hewa ya kutengenezea chakula nayo haiingii. Kwa hiyo mmea unaokoa maji huku unajinyima chakula. Ndiyo maana unaweza kuona shamba halikufa, likarudi kuwa kijani baada ya mvua, na bado magunia yakapungua.

Hapa naomba nichepuke kidogo, maana sisi wa Nachingwea tuna kumbukumbu ya jambo hili kubwa kuliko watu wengi. Miaka kumi baada ya Bose kufa, mwaka 1947, Mwingereza alianza mradi wake wa karanga Tanganyika, Kongwa kwanza, halafu Urambo na kwetu Nachingwea. Ujumbe uliokuja kukagua nchi mwaka 1946 ulitumia kama wiki tisa tu. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni tatu. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa. Kule Kongwa mvua zilikata, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa hata kuchimbuliwa. Januari 1951 mradi ukatangazwa kufa, zimeshateketea kama pauni milioni 36. Reli yetu iling'olewa baada ya uhuru. Mabaki yaliyobaki ni majina kama Farm 17, ambako baadaye FRELIMO waliweka kambi yao na Samora Machel akaishi.

Na karanga ndio zao ambalo kalsiamu yake unaweza kuiona kwa mikono. Lakini msichanganye mambo mawili, hapa kalsiamu ni chakula, sio ujumbe. Ua la karanga likishachavushwa linashusha kikonyo ardhini, na ganda linakulia huko. Lile ganda changa linafyonza kalsiamu lenyewe moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, halisubiri ya mizizi. Udongo wa kichanga uliooshwa na mvua ukiwa hauna kalsiamu, au ukikauka wakati huo, unavuna maganda matupu. Unatikisa, kimya. Dawa mojawapo ni jasi, ambayo inachimbwa Kilwa, mkoa wetu huu huu wa Lindi. Watafiti wa Naliendele wametoa aina kadhaa za karanga zinazofaa huku, na moja wameipa jina letu, Nachingwea 2009. Wataalamu wa 1946 hawakukosa akili, walikosa muda wa kuuliza mmea na udongo unasemaje.

Turudi kwa Bose, kwa sababu hadithi yake imepata mwendelezo miaka zaidi ya 80 baada ya kifo. Mwaka 2018 Masatsugu Toyota na Simon Gilroy, wakifanya kazi Marekani, walitoa video za mmea mdogo unaotafunwa na kiwavi. Mmea umewekewa jini ya kung'aa. Kiwavi anakata jani moja, na mwanga wa kalsiamu unatoka pale penye jeraha, unatembea kwenye mishipa ya jani, na baada ya dakika moja mbili umefika kwenye majani mengine ambayo hayajaguswa. Yakishapata habari yanaanza kujiandaa kwa ulinzi. Kinachowasha ni glutamati inayovuja kwenye seli zilizokatwa. Hapa hata Ricca anapata haki yake, maana kinachovuja kwenye jeraha kina nafasi yake.

Halafu mwaka 2022 Toyota na wenzake wa Chuo Kikuu cha Saitama, Japani, wakafanya kile kile kwenye kifauongo chenyewe. Wakaona kalsiamu na umeme vinakimbia pamoja kwenye kikonyo, na kalsiamu inafika kwenye kifundo kabla tu ya kijani kufunga. Umeme alioupima Bose ulikuwepo kweli. Wakatengeneza na vifauongo visivyo na vifundo, visivyoweza kufunga majani, wakawaachia panzi. Panzi wakavila zaidi kuliko vile vya kawaida. Kumbe kufa uongo kuna faida!

Mwenye kutaka kuona mwenyewe haihitaji maabara. Tafuta kifauongo asubuhi, sehemu yenye unyevu, kisichotikiswa na upepo. Usikiguse. Washa kiberiti, sogeza moto kwenye ncha ya mwisho kabisa ya jani moja, sekunde moja tu, uondoe (na sio kiangazi kwenye nyasi kavu jamani). Utaona vijani vinafunga jozi baada ya jozi kuanzia ncha kwenda kwenye kikonyo, halafu kikonyo chote kinaanguka, na ukisubiri, jani la jirani nalo linaweza kufuata. Ile hatua kwa hatua ndiyo habari yenyewe inasafiri, ile ambayo Bose aliandika nukta zake kwenye kioo cha moshi. Chukua saa ya simu, hesabu sekunde, pima kwa rula ilikotoka mpaka ilikofika. Halafu rudia kesho mchana wa jua kali uone kama kasi ni ile ile. Watakaofanya Ruangwa, Nachingwea na kwingineko wekeni namba zenu kwenye maoni hapo chini.